Mlezi wa Konyeza

Nina gari ambalo siruhusiwi kuliendesha. Sheria ya Kenya haimpi leseni ya gari mtu ambaye hajatimiza umri wa miaka 18, nami nitautimiza Disemba, KCSE ikiwa imeshapita. Hata hivyo, oili ya gari hilo hubadilishwa na mimi, plagi husafishwa na mimi, na shilingi 1,500 za kuliegesha zikichelewa mwisho wa mwezi, mlinzi huja kunitafuta mimi. Majirani wa ploti yetu hapa Tassia huniita Mama Konyeza. Kuna wanaosema hivyo kwa wema na kuna wanaosema kwa kejeli, na wote nawaitikia.

Konyeza ni Toyota Celica, ile ya milango miwili ambayo taa zake hulala ndani ya boneti mchana na kuinuka usiku kama macho ya chura. Ilitengenezwa Japani mwaka wa 1991. Kwa wale wanaojua magari, ni aina ya ST182: injini ya lita mbili, gia za mkono, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Mota ya taa ya kushoto imechoka. Ukiwasha, taa ya kulia inaruka juu mara moja, ya kushoto inafika nusu, inatetemeka kidogo, kisha inasimama papo hapo. Watoto wa ploti walipoiona hali hiyo jioni moja walianza kupiga kelele, "Inatukonyeza! Inatukonyeza!" Jina likakwama. (Mwalimu wetu wa sarufi anisamehe. Najua fika kwamba gari ni la ngeli ya LI-YA, lakini Konyeza nimempandisha hadi A-WA kwa matumizi ya nyumbani.)

Kwenye karatasi, Konyeza ni wa kaka yangu. Alimnunua mwaka wa 2016 kwa pesa alizokuwa ameweka miaka mingi akifanya kazi ya kupakia mizigo katika bohari moja Industrial Area. Siku aliyoingia naye mtaani, Mama alitoka nje, akamzunguka mara mbili, akauliza, "Sasa hii ndiyo nini?" Kwa pesa zile zile kaka angepata Probox, na kila mtu Nairobi anajua Probox inavyomlisha mtu: inabeba abiria, inabeba viazi, inabeba hata jeneza ikibidi. Celica ina viti viwili vya mbele vya watu wazima na viwili vya nyuma vya watu wasio na miguu. Mama aliiita gari la watu wawili na nusu. Mimi, niliyekuwa mtoto mdogo, ndiye nusu aliyekaa nyuma.

Kumbe kaka hakuwa amenunua gari tu. Alikuwa amenunua hadithi ya marehemu baba. Baba alikuwa mshabiki wa Safari Rally wa kupindukia. Kila Pasaka alikuwa akisimama kando ya barabara akingoja magari yapite, arudi nyumbani amejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Mashindano hayo yalianza mwaka wa 1953, na Celica imeyashinda mara 8: mwaka wa 1984, 1985, 1986, 1990, kisha minne mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995. Mwaka wa 1993 magari yaliyoshika nafasi nne za kwanza yalikuwa Celica matupu. Lakini ushindi aliousimulia baba bila kuchoka ni wa Pasaka ya 1994, pale Ian Duncan, Mkenya mwenzetu, alipolishinda shindano hilo ndani ya Celica. Hakuna Mkenya aliyekuwa ameshinda tangu Shekhar Mehta mwaka wa 1982, na Mehta alikuwa ameshinda mara tano. Baba alikuwa akisema, "Wageni walikuja na ndege na wataalamu, Duncan akawaambia karibuni nyumbani."

Ukweli ni kwamba Celica ya Duncan na hii yetu ni ndugu wa tumbo moja waliofuata kazi tofauti. Ile ilikuwa na taabo na ilivutwa na magurudumu yote manne. Ya kwetu ni ndugu aliyekwenda kuwa karani. Sura ni moja, pua ni moja, lakini nguvu si moja. Kaka alilijua hilo vizuri na halikumkera hata kidogo. Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla gari halijanunuliwa, na nadhani kaka alitaka tu kuusikia mlango wake ukifungwa.

Mwaka wa 2021 Safari Rally iliporudi katika ubingwa wa dunia, baada ya kuwa nje tangu 2002, tuliitazama pamoja kwenye runinga. Miezi miwili baadaye kaka akapata kazi ya ulinzi Qatar. Kabla hajaondoka alinipa ufunguo mbele ya Mama, akaniambia, "Mdogo wangu, kila Jumamosi mwashe. Dakika ishirini. Nitarudi baada ya miaka miwili." Mkataba ule uliisha, akatia saini mwingine. Huo nao ukaisha, akatia saini wa tatu.

Wasomaji wasioishi Eastlands yafaa niwaeleze jinsi gari la namna hii linavyoishi Tassia. Mtaa wetu uko Embakasi, upande wa barabara ya Outering, na ardhi yake ilikuwa ya Hazina ya NSSF. Majengo yamesongamana, ghorofa sita, saba, hata zaidi, moja likimpumulia jingine kisogoni. Waliojenga waliwafikiria wapangaji, hawakuyafikiria magari. Chini kuna duka la unga, kinyozi, mama mboga na mwuzaji wa mitungi ya gesi, na mahali palipobaki pa kuegesha hapatoshi hata mikokoteni. Konyeza yuko kwenye kiwanja kilichozungushiwa mabati, amebanwa kati ya lori la maji na matatu isiyo na injini. Ndege zinazoshuka uwanja wa Jomo Kenyatta hupita juu yetu, na nguo za ghorofa ya tano humdondokea maji ya Omo.

Adui wa kwanza ni udongo. Embakasi ni nchi ya udongo mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kugeuka gundi mvua ikinyesha. Celica iko chini, tumbo lake liko karibu na ardhi. Mvua ya Aprili ikianza, barabara yetu ya ndani huwa ya wenye gambuti na wenye lori, basi. Adui wa pili ni maji. Maji ya kisima tunayouziwa yana chumvi. Ukimwosha nayo Konyeza usimfute papo hapo, anabaki na madoadoa meupe kama mtu aliyelala bila kunawa uso. Ukiyatia kwenye radieta, ni kama kumnywesha sumu polepole: yanakula alumini na kuziba vijia vya ndani. Mimi hununua maji yaliyosafishwa, yale ya betri, na kuyachanganya na dawa ya radieta. Mama aliniona siku moja nikimimina, akasema kwamba gari linakunywa maji masafi kuliko sisi. Sikuwa na la kujibu maana ni kweli.

Adui wa tatu ni panya. Walijenga kiota juu ya injini, wakatafuna waya wa moja ya sindano za petroli. Kwa wiki mbili Konyeza aliwaka kwa silinda tatu, akikohoa kama mzee wa kikohozi kikavu.

Hapo ndipo nilipomjua fundi wetu. Ana gereji ya jua kali karibu na mto Ngong, chini ya mwarobaini mmoja, na mwanzoni hakunichukulia kwa uzito. Nilimweleza tatizo, akawa anamjibu kijana wa jirani aliyekuwa amenisindikiza. Nikimwuliza swali, jibu linaenda kwa kijana. Kijana mwenyewe hajui bisibisi na spana. Basi nikavua sweta ya shule, nikachomoa nyaya za plagi moja baada ya nyingine injini ikiwa inanguruma, mpaka nikafikia silinda ambayo ukiitoa sauti haibadiliki. Nikamwambia, "Fundi, ni hii." Tangu siku hiyo huniita "dada," na Jumamosi hunipa kazi.

Hatukubaliani katika kila jambo. Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa wa themostati. Msomaji, ukitaka kujua gari la Nairobi limepita mikononi mwa mafundi wangapi, tafuta themostati yake. Mara nyingi hutaikuta. Ni kijilango kidogo chenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi, kijilango kimefungwa na maji hayafiki kwenye radieta. Joto likifika nyuzi 80 na kitu, nta inavimba, kijilango kinafunguka, maji yanaanza kuzunguka. Gari likianza kuchemka, fundi wa haraka huing'oa na kuitupa, na kweli gari linaacha kuchemka. Mteja anafurahi. Lakini sasa injini haipati joto lake kamwe, inakunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na vyuma vinasagika. Konyeza hakuwa nayo. Fundi alisema, "Dada, huku kwetu ni nchi ya joto, hiyo ni ya wazungu wa theluji." Nikamletea daftari langu la fizikia. Alilitazama, akacheka sana, kisha akaniambia nikanunue kipya nilete. Tulikitia. Konyeza alipungukiwa na kiu, na siku hizi fundi huwauliza wateja wengine, "Themostati yako iko wapi?" kana kwamba ni yeye aliyeianzisha hoja hiyo.

Lakini kuhusu jambo moja fundi alikuwa sahihi tangu mwanzo, nalo lilinichoma. Nilipomweleza kwa fahari kwamba kila Jumamosi, bila kukosa, mimi huwasha injini dakika ishirini kama kaka alivyoagiza, alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akapiga magoti, akajaribu kulizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Halikuzunguka. "Umeuweka moyo ukipiga," akasema, "lakini miguu imekufa." Breki zilikuwa zimeganda kwa kutu. Tairi zilikuwa zimeota ubapa upande mmoja kwa kulala mahali pamoja. Petroli ilikuwa imezeeka tangini. Mipira inayozuia oili isivuje ilikuwa imekauka, maana mipira hiyo huhitaji gari lisogee ndipo ipate unyevu. Gari halichoki kwa kutembea peke yake. Kusimama nako kunaliua, tena kimyakimya.

Nilifikiria sana kuhusu hilo. Kaka aliacha agizo akiwa na nia njema, nami nikalitii kwa nia njema, kumbe agizo lenyewe lilikuwa la miaka miwili, si la mitatu wala minne. Nilimtumia ujumbe nikamweleza. Akanitumia pesa za bima ya mwezi mmoja, na tangu hapo fundi, ambaye ana leseni, huendesha Jumamosi tunapoweza. Tunatoka Outering mapema kabla foleni haijaanza, mimi nikiwa kiti cha kushoto, masikio wazi. Gia ya tatu ina sauti nyembamba kama mluzi wa mtu mwenye mawazo. Nikiisikia nafurahi. Nisipoisikia nitajua kuna jambo.

Kuhusu spea nitasema kidogo tu kwa sababu mhariri amenipimia kurasa. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari kuukuu lililozidi miaka 8 tangu kutengenezwa. Kwa hivyo hakuna Celica nyingine ya 1991 itakayoshuka Mombasa. Zilizopo ndizo hizo, na kila moja ikifa, nyingine zinaishi kwa viungo vyake. Bahati yetu ni kwamba injini ya Konyeza ni ya ukoo wa 3S, na Toyota iliutia ukoo huo katika magari mengi ya nyumbani kama Corona, Carina na RAV4 za kwanza. Vitu vingi nimepata barabara ya Kirinyaga kwa kutaja gari jingine kabisa. Ukisema "Celica" bei inapanda papo hapo. Ukisema "Corona" unaonekana mtoto wa mwalimu. Bushi za mkono wa chini hazikupatikana, zikachongwa na wahunzi wa Kariobangi Light Industries, nao walizichonga vizuri ajabu. Kioo cha pembeni kiliibwa usiku, nami nikakikuta baada ya siku tatu katika soko moja ambalo sitalitaja, kikiwa bado na mkwaruzo wetu. Nilikinunua. Mwuzaji alinipunguzia mia mbili, akasema ni kwa kuwa mimi ni mwanafunzi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Muhula wa kwanza mwaka huu tulikuwa na baki ya shilingi 23,000 za shule, na Mama, anayeuza nguo za mitumba, alikuwa na miezi mibaya. Wanunuzi wa Konyeza walikuwa wamekuja wawili. Wa kwanza alikuwa mwenye chuma chakavu. Alimtazama kama mchinjaji anavyomtazama ng'ombe, akauliza uzito. Konyeza ana tani moja na kama kilo mia mbili. Jamaa akapiga hesabu kwenye simu na kumwonyesha Mama. Wa pili alikuwa kijana aliyetaka injini na gia tu, aviweke ndani ya Corona yake. Alitoa shilingi 70,000, pesa taslimu. Mwili uliobaki tungefanya tutakavyo, hata kufugia kuku.

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa rahisi kama angepiga. Aliniketisha jioni, akaniambia, "Mwanangu, mimi siwezi kulisha gari na kuwalisha nyinyi. Kaka yako akirudi atanunua jingine. Wewe ukikosa mtihani hutanunua mwingine." Je, ungemjibu nini? Nilimtumia kaka ujumbe wa sauti usiku ule, dakika nne nzima, nikamweleza kila kitu bila kupunguza. Jibu lilikuja alfajiri, zamu yake ilipoisha. Lilikuwa fupi: "Msikize Mama. Lakini amua wewe, wewe ndiye uko naye."

Niliikasirikia sauti ile siku mbili. Nilitaka aseme uza au usiuze. Mtu aliye mbali ana raha yake ya kusema amua wewe.

Siku ya tatu nilikwenda kiwanjani nikiwa na daftari, nikaanza kuandika vitu vyote alivyo navyo Konyeza, kimoja kimoja, na bei yake. Mota za taa. Usukani. Redio. Nilipofika chini nikasimama. Rimu. Mwaka wa 2018 kaka alikuwa amenunua rimu nne za alumini, zenye miale mitano, na alikuwa akizipiga msasa kwa mswaki wa meno. Picha yake anayoiweka kwenye simu hadi leo amechuchumaa kando ya gurudumu, si kando ya uso wa gari. Konyeza anaweza kwenda bila rimu hizo. Bila injini haendi.

Nilimwomba Mama wiki moja. Fundi alinitafutia rimu nne za chuma, nyeusi, zenye kutu kidogo, kwa shilingi 6,000, akakubali nimlipe kwa kazi za Jumamosi. Zile za alumini zilinunuliwa na mwenye teksi wa Fedha kwa 24,000. Nilizifungua mwenyewe. Nati ya mwisho ilikataa, ikabidi nisimame juu ya spana kwa miguu miwili, na watoto wa ploti wakahesabu kwa sauti mpaka ilipoachia. Pesa nilimpa Mama zote. Alizihesabu, akatoa 23,000 za shule, elfu moja akanirudishia. "Ya maji yake masafi," akasema. Kisha akaweka sharti: Konyeza awe anakwenda kwa miguu yake mwenyewe kabla ya mwisho wa mwaka, mvua au kiangazi, au sivyo yule kijana wa Corona ataitwa. Niliona ni haki.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia kaka. Nilipiga picha Konyeza akiwa juu ya rimu za chuma, jicho moja wazi, jingine nusu. Alionekana kama mtu aliyevaa viatu vya kazini kwenye harusi. Niliituma bila neno lolote. Alama mbili za buluu zikatokea, lakini jibu halikuja siku hiyo, wala ya pili. Siku ya tatu, nikiwa nimekaa kwenye masomo ya jioni, simu ya Mama ilipokea ujumbe wangu, nikauona nilipofika nyumbani. Hakuzitaja rimu. Aliuliza, "Breki za nyuma mmeziangalia?"

Fundi anasema kalipa ya kushoto bado inaweza kuokolewa, lakini ya kulia pistoni yake imeliwa na kutu, itabidi tutafute ya Carina. Nimeshaweka shilingi 1,800. Jumamosi hii tutamwinua kwa jeki saa moja asubuhi, na yeyote wa Kidato cha Nne anayetaka kuona jinsi breki inavyofunguliwa aje na nguo kuukuu.